Habari za Bahari: Waturuki, Wareno na Watawala wa Mwambao, 1585–1589

Katika makala haya tunakusudia kuwasimulia walimu wenzetu, pamoja na wanafunzi wao, kisa cha miaka minne, tangu 1585 hadi 1589, ambapo Dola ya Uturuki na Dola ya Ureno zilishindania miji ya mwambao wa Afrika Mashariki. Kwa kawaida kisa hiki hutajwa darasani kwa sentensi mbili tatu: alikuja Mturuki aliyeitwa Amir Ali Bey, watawala wa mwambao wakamwunga mkono, Wareno wakamshinda Mombasa, kisha wakajenga Ngome ya Yesu. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanaacha swali ambalo mwanafunzi mwenye akili hana budi kuliuliza. Ilikuwaje merikebu moja tu ya Waturuki ikaweza, katika msimu mmoja, kuyageuza maelekeo ya takriban mwambao mzima? Na ilikuwaje merikebu tano, miaka mitatu baadaye, zikashindwa kabisa?

Jawabu letu ni kwamba mizinga ilifanya kazi ndogo katika vita vile kuliko habari. Dola zote mbili zilikuwa mbali na mwambao, moja ikitawala kutoka Istanbul na nyingine kutoka Lisbon na Goa, na kila moja ilijua yale tu iliyoambiwa. Walioambia ni watu wa mwambao wenyewe: watawala, manahodha, wachuuzi na wavuvi. Kwa hiyo walikuwa na nguvu ambayo hawakuhesabiwa kuwa nayo, na kwa sababu hiyo hiyo waliingia katika hatari ambayo iliwagharimu miji yao.

Huenda msomaji akashangaa kuona habari za bahari zikiandikwa Gisenyi, kando ya ziwa Kivu, mahali ambapo upepo wa kaskazi haujulikani. Sababu tutaitaja mbele, lakini tangu sasa yafaa kusema kwamba lugha tunayofundisha ilitujia kutoka mwambao huo, na anayefundisha lugha hawezi kuwa mgeni wa historia ya waliomtangulia kuisema.

Dola mbili katika bahari moja

Wareno ndio waliotangulia. Vasco da Gama alifika mwambaoni 1498, akapata mapokezi mema Malindi baada ya kutoelewana na watu wa Mombasa. Miaka saba baadaye, 1505, Francisco de Almeida aliishambulia Kilwa na kuichoma moto Mombasa. Mombasa ikachomwa tena 1528 na Nuno da Cunha. Tangu hapo Wareno walidai ushuru, wakalazimisha vyombo vya Waislamu kuchukua hati zao za kusafiria, na chombo kilichokutwa bila hati kikahesabiwa kuwa ngawira. Hata hivyo hawakuwa na watu wa kutosha kuukalia mwambao wote. Kaskazini ya Msumbiji walitegemea urafiki wa Malindi, ambako walimweka nahodha wao wa pwani.

Waturuki nao waliingia katika bahari hii kwa mlango mwingine. Waliiteka Misri 1517, wakaitwaa Aden 1538, na Basra 1546. Kwa muda wa nusu karne walipigana na Wareno huko Diu, Hormuz na Maskati, wakishinda hapa na kushindwa pale. Mwaka 1568 serikali ya Istanbul ilimwamuru gavana wa Misri achunguze uwezekano wa kuchimba mfereji wa Suez, ili merikebu za bahari ya Kati zipite hadi bahari ya Shamu. Lakini mfereji huo haukuchimbwa wakati ule.

Hali ilibadilika 1580. Katika mwaka huo Filipo wa Pili, mfalme wa Hispania, alijitwalia pia taji la Ureno, na adui mkubwa wa Waturuki katika bahari ya Kati akawa sasa ndiye bwana wa Goa na Msumbiji. Katika mwaka huo huo Hasan Pasha alishika ugavana wa Yemen, akadumu huko kwa zaidi ya miaka 20. Gavana huyo alitambua kwamba mwambao wa Afrika ulikuwa mlango wa nyuma wa adui yake, kwa kuwa merikebu zilizotoka Lisbon kwenda Goa zilipitia Msumbiji. Lakini Sultani Murad wa Tatu alikuwa katika vita vikubwa na Uajemi, vilivyoanza 1578 na kwisha 1590 tu, na hakuwa na merikebu wala fedha za kumpa gavana wa mbali. Hasan Pasha alilazimika kutumia kidogo alichokuwa nacho. Alichokuwa nacho ni baharia hodari, Amir Ali Bey, ambaye 1581 aliushambulia mji wa Maskati kwa merikebu tatu tu na kuuteka nyara.

Mwendo wa habari

Kabla hatujaendelea, hatuna budi kueleza jinsi habari zilivyosafiri, maana bila hilo mambo yaliyofuata hayaeleweki. Bahari ya Hindi ilitawaliwa na pepo mbili. Kaskazi, ivumayo takriban tangu Novemba hadi Machi, ilileta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi, ivumayo tangu Aprili hadi Septemba, ilivirudisha. Nahodha aliyekosa upepo alikaa bandarini akingoja msimu wake.

Basi habari nazo zilikuwa na misimu. Mtawala wa Lamu aliyeambiwa jambo mwezi wa Januari kuhusu Yemen au Goa hakuweza kumtuma mjumbe akahakikishe mara moja, kwa sababu upepo ulikuwa kinyume. Alilazimika kungoja kusi ili mjumbe aende, kisha angoje kaskazi ya pili ili mjumbe arudi. Baina ya swali na jawabu ulipita takriban mwaka mzima. Katika mwaka huo ilimpasa kuamua, kutoa ushuru au kuukataa, kufungua bandari au kuifunga, akitegemea maneno ambayo hakuwa na njia ya kuyapima.

Tukilikumbuka hilo, tutaelewa pia kwa nini watu wa mwambao walithamini sana kuulizana habari. Chombo kilipotia nanga, kabla ya bidhaa kushushwa, nahodha aliulizwa ametoka wapi, ameonana na nani, na ameacha hali gani. Wasikilizaji pale ufukweni walikuwa wengi, na kila mmoja aliyachukua maneno hayo kwa bwana wake. Mpelelezi hakuhitaji kujificha: ilimtosha kukaa kivulini na kusikiliza.

Safari ya kwanza

Mwishoni mwa 1585 Amir Ali Bey alitoka Yemen kwa merikebu mbili za makasia. Moja ilikuwa mbovu ikarudi, naye akaendelea na moja iliyosalia. Alifika Mogadishu, na hapo akatumia silaha aliyoibeba bila gharama: alitangaza kwamba yeye ni mtangulizi tu, na kwamba nyuma yake linakuja kundi kubwa la merikebu za Sultani litakalowafukuza Wareno katika bahari yote.

Maneno hayo hayakuwa ya kweli. Lakini tujiweke mahali pa wale waliyoyasikia. Walijua kwamba Waturuki wanatawala Makka na Madina, Misri na Yemen. Walijua kwamba Maskati ilishambuliwa miaka minne tu iliyopita, na huenda na mtu huyu huyu. Walikuwa wamechoshwa na ushuru, na hati, na kuchomewa miji. Tena, kwa sababu ya upepo, hakuna aliyeweza kuhakikisha. Kuyaamini maneno yale kulikuwa na hatari. Kuyakataa, iwapo yangekuwa kweli, kulikuwa na hatari kubwa zaidi.

Mogadishu wakamkubali, kisha Barawa, na habari ikatangulia mbele ya merikebu yake kuelekea kusini. Faza, Pate na Lamu wakamfungulia bandari. Huko Lamu alikuwako Roque de Brito Falcão, aliyekuwa nahodha wa Wareno wa pwani ile, na watu wa Lamu wakamtia mikononi mwa Waturuki. Mombasa nayo ikajitia chini ya ulinzi wa Sultani. Malindi peke yake, miongoni mwa miji mikubwa ya sehemu ile, ilibaki na Wareno. Kusi ilipoanza 1586, Amir Ali Bey alirudi Yemen na ngawira nyingi pamoja na makumi ya wafungwa wa Kireno. Wafungwa hao walikuwa na thamani kuliko fedha, kwani mtu kama Roque de Brito alijua ngome za mwambao zina askari wangapi na merikebu za Goa hupita lini.

Twaona basi kwamba safari ile ya kwanza ilikuwa zaidi ya unyang'anyi wa baharini. Ilikuwa upelelezi: kujua nani anawachukia Wareno, bandari ipi inafaa, na dola ya Ureno ina nguvu kiasi gani mwambaoni. Jawabu lililopatikana ni kwamba nguvu zake zilikuwa chache mno.

Adhabu ya 1587

Upande wa pili nao haukulala. Habari za mambo hayo zilifika Goa, na kaskazi iliyofuata, Januari 1587, ilileta mwambaoni merikebu 18 zenye askari wapatao 650, chini ya Martim Afonso de Melo. Waturuki walikuwa wameondoka zamani. Waliokuwapo ni wenyeji, nao ndio walioadhibiwa.

Mji wa Faza ulivamiwa na kuteketezwa. Mtawala wake aliuawa, na kichwa chake kikachukuliwa hadi Goa ili watu wakione. Waandishi wa Kireno wenyewe wanataja kwamba minazi 10,000 ilikatwa, na asiyejua thamani ya mnazi pwani na afikirie migomba yetu ya hapa ikikatwa yote kwa siku moja: chakula, pombe, kivuli na urithi wa wajukuu. Watu wa Mombasa waliwahi kuukimbia mji, na Wareno wakauchoma.

Jambo la kuzingatia hapa ni jinsi Wareno walivyojua wa kumwadhibu. Walikuja wakiwa na orodha, yaani waliambiwa nani alifungua bandari na nani hakufungua. Katika mwambao wenye miji iliyoshindana kwa biashara kwa karne nyingi, kupeleka habari Goa kulikuwa pia njia ya kumwangusha jirani. Malindi na Mombasa zilikuwa mahasimu tangu kabla ya Mreno yeyote kuonekana. Wenyeji walitumikia ushindani wa dola, na wakati huo huo waliutumia ushindani huo kwa mashindano yao.

Safari ya pili na maafa ya Mombasa

Amir Ali Bey alirudi katika msimu wa kaskazi wa 1588–89, safari hii na merikebu tano na watu wapatao 300. Kundi kubwa aliloliahidi halikuwapo, na hizo tano ndizo zote ambazo Hasan Pasha aliweza kuzipata. Mogadishu na miji mingine ilimpokea tena, ingawa ilikwisha kuonja adhabu ya Wareno.

Lakini mara hii maadui zake walikuwa na habari mapema. Mateus Mendes de Vasconcelos, nahodha wa Wareno huko Malindi, alikuwa amejiandalia watu wa kumletea habari. Waturuki walipoikaribia Malindi usiku, walikuta mizinga imekwisha kutegwa, wakapigwa, wakajiendea zao Mombasa. Na huko Goa, gavana Manuel de Sousa Coutinho alimtuma ndugu yake, Tomé de Sousa Coutinho, na merikebu zipatazo 20 zenye watu 900. Ziliondoka Goa mwishoni mwa Januari 1589. Mtu anayejua pepo ataona maana ya tarehe hiyo: ujumbe uliopelekwa kutoka mwambaoni wakati wa kaskazi usingewahi kufika na kuandaa merikebu 20 kwa upesi huo. Bila shaka matayarisho ya Waturuki yalijulikana Goa kabla wao wenyewe hawajaonekana pwani. Mara hii siri ya Hasan Pasha ilimtangulia.

Amir Ali Bey alijenga mnara wa mizinga Mombasa, akajiandaa kumlaki adui kutoka baharini. Kumbe hatari nyingine ilikuwa imekwisha kufika kutoka bara. Kundi la wapiganaji wanaoitwa Wazimba, waliotoka upande wa mto Zambezi, walikuwa wamepanda kaskazini wakiangamiza waliyoyakuta, na Kilwa ilikwisha kuanguka mikononi mwao. Wanahistoria hawajaafikiana juu ya asili yao na wingi wao, na hesabu ya 20,000 iliyotolewa na waandishi wa Kireno yaelekea kutiwa chumvi. Lakini kuwapo kwao ng'ambo ya kivuko cha Makupa hakuna shaka. Amir Ali Bey ilimbidi aweke merikebu mbili kivukoni kuwazuia, na hivyo akagawa nguvu ambazo hazikutosha hata zikiwa pamoja.

Tarehe 5 Machi 1589 merikebu za Tomé de Sousa zilitokea Mombasa. Katika siku chache merikebu za Waturuki zilitekwa, pamoja na zile za Makupa. Kivuko kikabaki bila mlinzi. Wazimba wakaomba ruhusa ya kuingia kisiwani, na Wareno wakawaruhusu. Tarehe 15 Machi waliingia. Watu wa Mombasa, wenyeji na Waturuki pamoja, wakakimbilia baharini, wengi wakafa maji au kwa silaha. Amir Ali Bey mwenyewe akaona heri kushikwa na Wareno. Alipelekwa Goa na kisha Lisbon, na waandishi wa Kireno wanasema kwamba huko alibatizwa.

Wareno wakarudi kaskazini kufanya hesabu na waliobaki. Mtawala wa Lamu, ambaye mji wake ulimtoa Roque de Brito, alikatwa kichwa hadharani huko Pate.

Nani alikuwa msaliti?

Sasa tufike kwenye jambo ambalo limetufanya tushike kalamu. Karibu yote tunayoyajua juu ya miaka hiyo yanatoka kwa waandishi wa Kireno, hasa Diogo do Couto, mtunza kumbukumbu za serikali huko Goa, na padre João dos Santos, aliyechapisha kitabu chake 1609. Dos Santos aliishi Sofala na Zambezi katika miaka ile. Mambo ya Mombasa aliyasikia tu. Hata vita vilipokwisha, basi, historia yake iliandikwa kwa habari zilizoletwa na watu. Katika miaka ya karibuni watafiti wamesoma pia amri na barua za serikali ya Kituruki, na Giancarlo Casale, katika kitabu chake cha 2010, ameonyesha kwamba safari za Amir Ali Bey zilikuwa sehemu ya siasa iliyofikiriwa, wala hazikuwa za jambazi wa baharini. Lakini barua za watawala wa Lamu, Faza na Mombasa, zilizoandikwa kwa mkono wao kueleza nia zao, hatunazo mezani.

Kwa hiyo maneno "mwaminifu" na "msaliti", yanayoonekana katika maelezo ya vita hivi, ni maneno ya Goa. Mtawala wa Malindi aliyepeleka habari kwa Wareno anaitwa rafiki. Mtawala wa Lamu aliyepeleka habari kwa Waturuki anaitwa haini. Kazi yao ilikuwa moja. Kila mmoja alikuwa na mji mdogo, na watu wake, na minazi yake, mbele ya majitu mawili yaliyokuja na mizinga. Lugha yetu inajua jambo hili vizuri. Mtu mmoja, kwa kitendo kimoja, aweza kuitwa mjumbe na aliyemtuma, mpelelezi na anayemtafuta, jasusi na hakimu wake, na msaliti na jirani anayetamani nyumba yake.

Dos Santos anasimulia habari ya mtu wa Kilwa ambaye aliwaonyesha Wazimba mahali pa kuvukia maji yakiwa yamekupwa, kwa ahadi kwamba yeye na jamaa zake watasalimika. Mji ulipokwisha kuangamizwa, mkuu wa Wazimba aliamuru mtu huyo atupwe baharini pamoja na jamaa zake. Huyo bila shaka aliuuza mji wake. Lakini mtawala aliyekubali ulinzi wa dola moja ili aepuke kuchomewa na dola nyingine hafanani naye, na mwalimu anayewatia wote katika kapu moja anawanyima wanafunzi nafasi ya kufikiri.

Katika nchi yetu jambo hili si la vitabuni tu. Baada ya Oktoba 1990 maelfu ya watu walikamatwa Rwanda kwa kuitwa "ibyitso", yaani washirika wa adui, wengi wao bila ushahidi wowote. Neno hilo liliendelea kurudiwa redioni na magazetini, na 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, likawa mojawapo ya maneno yaliyotumiwa kuhalalisha kuua. Mwalimu wa lugha aliyefundisha katika nchi hii hawezi kulitamka neno "msaliti" darasani kwa wepesi, kana kwamba ni neno la msamiati kama mengine. Akilikuta katika kitabu cha historia, hana budi kuuliza pamoja na wanafunzi wake: nani alilisema, alijuaje, na lilimnufaisha nani?

Malipo ya urafiki

Tukitaka kupima kama Malindi ilichagua vema, na tutazame yaliyofuata. Wazimba walipotoka Mombasa waliiendea Malindi. Wareno waliokuwapo na Vasconcelos walikuwa 30 tu. Waliouokoa mji ni Wasegeju wapatao 3,000, kwa hesabu ya dos Santos, waliowapiga Wazimba kutoka nyuma. Muda mfupi baadaye Wasegeju hao waliitwaa Mombasa, na mtawala wa Malindi akaitwa kuja kuitawala.

Kwa mara ya kwanza hasimu wa zamani akaketi mahali pa hasimu wake. Lakini Wareno nao walihamia. Mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu kwa ramani ya Mtaliana Giovanni Battista Cairati, na Malindi, iliyowapokea tangu 1498, ikaachwa ififie. Baada ya miaka michache manahodha wa ngome waligombana na ukoo ule ule wa Malindi. Sultani Hasan aliuawa 1614 kwa hila zao. Mwanawe Yusuf alilelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala. Agosti 1631 alimwua nahodha wa ngome, akaiteka ngome yenyewe na kurudi katika Uislamu. Hivyo mjukuu wa marafiki wakubwa wa Wareno ndiye aliyewapiga pigo kubwa kuliko lile la Amir Ali Bey. Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia. Kisa hiki chatufundisha kwamba huumia hata zile zilizoota upande wa tembo aliyeshinda.

Maneno yaliyofika ziwani

Tuliahidi kueleza sababu ya kisa hiki kuandikwa Gisenyi. Wareno waliacha maneno katika Kiswahili: meza, bendera, mvinyo, na gereza, ambalo asili yake kwa Kireno ni kanisa. Waturuki wa 1589 walishindwa, na hawakukaa muda wa kutosha kuacha maneno. Lakini miaka 300 baadaye maneno ya Kituruki yaliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann Wissmann aliandika askari wa Kisudani huko Kairo, waliokuwa wamezoea vyeo vya jeshi la Misri, ambavyo asili yake ni jeshi la Kituruki. Askari hao walikuja navyo: ombasha, mkuu wa watu kumi, shaushi, na efendi, yaani bwana mwenye elimu au cheo.

Vyeo hivyo vilipanda na jeshi la Wajerumani hadi maziwa makuu, na hadi kituo chao cha kijeshi hapa Gisenyi, ambacho Wabelgiji walikitwaa 1916. Ombasha na shaushi wamesahauliwa. Efendi yu hai bado: kila asikiaye askari wa Rwanda akimwita mkubwa wake "afande" anasikia neno la Istanbul lililopita Kairo na Dar es Salaam. Mji wetu nao ulikuwa kwa muda mpaka wa dola mbili, Wajerumani upande huu na Wabelgiji upande wa Goma, na wazee wa hapa walipata kuulizwa na wageni wa pande zote mbili maswali yale yale walioulizwa watu wa Lamu: nani amepita, wangapi, wameelekea wapi?

Kwa matumizi ya darasani

Tangu Kiswahili kifanywe lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, wanafunzi wetu wanahitaji kukitumia kwa mambo mazito zaidi ya sokoni. Twapendekeza somo la vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza mwalimu achore ramani ya mwambao tangu Mogadishu hadi Kilwa, aonyeshe pepo mbili na miezi yake, kisha awaulize wanafunzi habari ya Januari kutoka Lamu ingefika Yemen lini, na jawabu lingerudi lini. Katika kipindi cha pili wanafunzi wajigawe katika mabaraza madogo. Kila baraza ni la mji mmoja mwezi Januari 1586: Lamu, Mombasa, Malindi. Merikebu moja ya Kituruki imeonekana, na mkuu wake anadai kwamba nyingine nyingi zinakuja. Baraza liamue la kufanya, liandike barua kwa Kiswahili fasaha kueleza sababu zake, na liorodheshe pembeni yale linayoyajua kwa hakika na yale liliyoyasikia tu.

Orodha hiyo ya pembeni ndiyo shabaha ya somo. Mwanafunzi wa Rubavu hupokea kila siku habari za kutoka ng'ambo ya mpaka, nyingine za kweli, nyingine za uvumi, tena kwa kasi ambayo Amir Ali Bey asingeiota, na hangoji upepo ili ahakikishe. Akizoea kutenga lililojulikana na lililosemwa, na kutomwita mwenzake msaliti kabla ya kuuliza, atakuwa amejifunza kutoka Lamu na Mombasa jambo litakalomfaa hapa ziwani. Walimu wenzetu watakaolijaribu somo hili na walete matokeo yake katika jarida, ili tuyajadili pamoja.